Sanduku Lililojaa Shukrani

Nikiulizwa ni jambo gani la kijinga kuliko yote niliyowahi kuandika, huwa sisiti. Niliandika maneno manne kwenye kipande cha karatasi: Maktaba ni nzuri, asante. Chumba kile nilikuwa nimekikasirikia mwaka mzima, na siku nilipopewa nafasi ya kusema, nikashukuru.

Ilikuwa katika chuo cha ualimu cha misheni, huku kwetu Mbozi, miaka ya hamsini ilipoanza, enzi za Mwingereza. Wanafunzi wanaume walikuwa thelathini hivi, sisi wanawake wanane. Maktaba ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye makabati mawili ya vioo, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa mkuu wa chuo, tuliyemwita Bibi Mkuu. Ilifunguliwa Jumamosi saa kumi na kufungwa saa kumi na moja. Saa hiyohiyo sisi wanawake tulikuwa bondeni tunateka maji ya jikoni. Ukikazana kupanda kilima na ndoo kichwani ulibakiwa na robo saa, ukasoma umesimama kwa sababu benchi halikuwapo, kisha kengele ikalia. Na kitabu hakikuruhusiwa kutoka nje ya mlango.

Mimi nilikuwa na kitabu changu. Nasema changu kwa sababu hakuna mwingine aliyekigusa. Kilikuwa cha Kiswahili, kimewekwa rafu ya juu kabisa, habari za mtu aliyeondoka kwao kumtafuta ndugu yake aliyepotea. Kwa robo saa zangu za mwaka mzima nilikuwa nimemvusha mto wa tatu. Hapo aliugua, akalazwa katika nyumba ya watu asiowajua, na mimi nikawa namuwaza yeye kuliko mtihani. Nilitaka kujua kama alimpata ndugu yake. Sikuwa na haja nyingine na maktaba ile.

Bibi Mkuu wa wakati huo alikuwa mgeni, aliyerithi ufunguo na saa zake, hajamaliza miezi mitatu tangu atoke Uingereza. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na sikumwona hata siku moja akimtakia mtu mabaya. Asubuhi moja alikuja na sanduku la sabuni lililotobolewa tundu juu, akaliweka mlangoni kwa maktaba, akatukusanya. Alisema maktaba ni yetu. Kila tusichokipenda tukiandike, bila jina, yeye atakitengeneza. Alituachia wiki nzima.

Jumatatu iliyofuata alilifungua mbele yetu sote na kuanza kusoma. Maktaba ni nzuri, tunashukuru. Vitabu ni vizuri sana, Mungu akubariki. Hatuna la kuongeza. Mmoja alimwombea afya njema mama yake aliyebaki Ulaya. Yangu ilipotoka nilitazama vidole vya miguu yangu.

Mtu wa mbali atatuona waoga. Hatukuwa waoga. Ukipakuliwa chakula kwa mtu, ukaulizwa kama chumvi imekolea, unasema imekolea hata kama haimo kabisa. Kumwambia mkubwa kasoro ya nyumba yake ana kwa ana ni kumvua nguo, na kwenye karatasi ni vibaya zaidi, maana neno la mdomo hupita, la karatasi linabaki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, kuanzia Isongole mpaka Tunduma, Wanyiha, Wandali na Wanyamwanga. Na mimi niliyesifiwa kwa mdomo mrefu nililelewa hivyohivyo.

Bibi Mkuu alizikunja karatasi kwa furaha. Kisha akatuambia kwamba daftari la maktaba linaonyesha wasomaji watatu au wanne tu kwa wiki, na kwa kuwa hakuna anayetaka zaidi ya hapo, chumba hakina sababu ya kukaa bure. Jumamosi vitabu vitaingia masandukuni na kuwekwa ofisini kwake. Chumba kitakuwa ghala la majembe na mbegu za mahindi za shamba la chuo. Alitushukuru kwa kusema kweli, akaenda zake.

Mchana ule nilisaga mahindi kwa hasira hata unga ukawa laini kama wa uji wa wagonjwa. Niliwatukana wenzangu, nikajitukana na mimi. Mwenzangu mmoja wa Kamsamba, aliyezoea joto la bondeni na kwetu huku akashinda amejifunika blanketi hata mchana, aliniacha nimalize.

"Dada," akasema, "kwani wewe utaolewa kwa kuandikiwa karatasi? Jambo kubwa halipelekwi na mwenyewe. Hatukutuma mshenga."

Tulitazamana, tukaona kweli tumekosea. Tulikuwa tumepeleka haja kwa mkubwa bila mtu wa kati, kama watu wasio na kwao.

Mshenga tuliyemchagua alikuwa mpishi wa chuo, mtu wa Isongole, mnene, mpole wa kusema, ambaye kila asubuhi alibishana na Bibi Mkuu juu ya maharage na kila asubuhi akashinda. Wanaume nao walikubali, ingawa walitucheka kwanza. Mpishi alitusikiliza mmoja mmoja, hakuandika kitu, kisha akasema hatakwenda mikono mitupu. Tukampa kuku jike mwekundu, tuliyempata kwa mke wa mwalimu mmoja kwa ahadi ya kumpalilia bustani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mpishi alivaa koti lake la kanisani, akamkumbatia kuku, akaingia ofisini. Sisi tulijipanga chini ya dirisha, tukijifanya tunang'oa majani. Bibi Mkuu alimpokea kuku akasema asante, wampike Jumapili. Mpishi akamjibu kwamba kuku huyu haliwi, ni wa maneno. Akaketi. Akauliza habari za mama yake Bibi, za usingizi, za baridi ya huku kwetu. Nilisikia kalamu ya Bibi Mkuu ikigonga meza.

"Watoto wako wamenituma," mpishi akasema mwishowe. "Wao hawana neno lolote. Mwenye maneno ni mimi."

Akayatoa yote, polepole, bila kupandisha sauti. Kwamba mlango unafunguliwa saa ambayo wasichana wako mtoni. Kwamba vitabu vya Kiswahili vimewekwa juu mahali mkono unapofika kwa shida. Kwamba watu wanasoma wamesimama. Kwamba kijijini hakuna kitabu, na mwalimu asiyetoka na kitabu atafundisha kwa kukumbuka tu. Na kwamba yupo mtu mmoja mgonjwa, yuko ng'ambo ya mto wa tatu tangu mwaka jana, na kesho anafungiwa ndani ya sanduku.

Bibi Mkuu akauliza, sasa sauti yake imeshuka, kwa nini hawakuyaandika hayo alipowaomba.

"Waliandika, Bibi. Waliandika asante. Kwetu hiyo ni hodi, mtu hajaingia bado."

Akauliza tena ni nani anayesoma habari za huyo mgonjwa. Mpishi akasema mshenga hataji jina. Alikuwa na haki, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mimi nilisimama. Nilizunguka mlangoni na udongo mikononi, nikaingia.

"Ni mimi," nikasema. "Nataka nikichukue kitabu nikakisome nimekaa, mpaka mwisho. Na nataka na wenzangu wachukue."

Bibi Mkuu alinitazama, akautazama mkanda wake, akauchomoa ufunguo na kuuweka juu ya meza, upande wangu.

"Basi utafungua wewe," akasema.

Niliuchukua. Huko nje mwenzangu wa Kamsamba alipiga kigelegele kilichowatoa walimu madarasani, blanketi likamwanguka, hakuliokota. Wanaume waliotucheka ndio waliotunyanyua juu. Mpishi alitoka nyuma yangu akifuta jasho, akauliza kama kuna mtu anayekumbuka kwamba yeye hajala.

Jumamosi hakuna kitabu kilichoingia sandukuni. Majembe yalibaki kwenye kibanda chao. Wanaume walichonga mabenchi manne, mawili yaliyumba na tukayapenda hivyohivyo. Vitabu vya Kiswahili vilishuka rafu ya chini. Mlango ulifunguliwa kila siku mchana, na mfunguaji ni mimi, nikitembea na ufunguo kiunoni kwa maringo ambayo wenzangu waliyasema mpaka tukamaliza chuo. Kila darasa lilichagua mshenga wake, na kila mwanzo wa mwezi washenga waliketi na Bibi Mkuu, ambaye alijifunza kuuliza kwanza habari za nyumbani. Sanduku halikuondolewa. Kuku wa maneno alitaga na kuatamia nyuma ya jiko.

Likizo ilipofika nilitembea na kitabu mpaka nyumbani Hasamba, nimekifunga katika kanga. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Mchana, tulipopumzika kibarazani, nilimsomea bibi yangu, mama wa baba, nikigeuza Kiswahili kuwa Kinyiha kadiri nilivyoweza. Bibi hakuwahi kushika kitabu. Alisema atasikiliza kidogo tu. Siku ya pili alikuja kuniita shambani mapema. Siku ya nne tulifika mwisho: yule mtu alipona, akaendelea na safari, akamkuta ndugu yake analima shamba la watu, wakarudi pamoja. Nililia bila aibu. Bibi alifuta macho, kisha akakasirika.

"Mwambie huyo mzungu wako," akasema, "mito mitatu ni mingi, watu tumechoka. Na alete kingine, kirefu kuliko hiki."

Niliporudi chuoni nilichukua karatasi, nikayaandika maneno ya bibi yangu kama alivyoyasema, nikayatia sandukuni. Sikuongeza asante.