Dakika Arobaini za Mama Halo

Mamlaka ya Maji inapenda kuutangazia umma kwamba yenyewe ndiyo chanzo pekee cha taarifa sahihi kuhusu maji. Kwamba tovuti za watu binafsi zinazodai kujua saa ya maji kutoka ni uzushi mtupu. Na kwamba hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayetoa fedha yake kununua taarifa anayoweza kuipata bure kwa kupiga simu ofisini. Tangazo lilitiwa saini na Mkurugenzi, likagongwa mhuri mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka, na likabandikwa getini.

Mwanamke aliyelengwa na tangazo hilo alilisoma akiwa amesimama, mkoba kwapani, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akatoa simu, akapiga ile namba iliyoandikwa chini.

"Karibu Mamlaka ya Maji," ikajibu sauti tamu, yenye subira ya mtu aliyelelewa vyema. "Simu yako ina thamani kwetu. Tafadhali subiri."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye swichibodi ya Mamlaka, akipokea simu na kuziunganisha, hata watu wakasahau jina lake wakamwita Mama Halo. Alitukanwa na mitaa yote, naye akaijua yote kwa matusi yake. Mwaka wa ishirini ulipobisha hodi, Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mchakato kwa sababu kila alichoulizwa kilikuwa kwenye mchakato, alimwomba akae siku tatu kwenye stoo ya mita mbovu, asome sentensi mia mbili mbele ya kinasa sauti. "Kwa kumbukumbu tu, mama yangu." Mama Halo alisoma vizuri. Zile alizokosea alizirudia kwa hiari. Siku ya nne akapewa barua ya shukrani, saa ya ukutani, na njia ya kutokea.

Kuna watu husamehe. Mama Halo aliwahi kusikia habari zao.

Saa ile aliitundika jikoni, juu ya sinki, na ndiyo iliyompa kazi mpya. Maji ya mgao hayaji ghafla: kwanza bomba linakohoa, kama mzee anayetaka kuomba kitu. Nyumba zilizo bondeni, karibu na koki kuu, hukohoa mwanzo. Zile za mlimani hupata dakika arobaini baadaye. Ratiba ya Mamlaka haikuwa ikifuatwa na yeyote, hata na mfungua koki. Lakini kikohozi hakina bosi. Akawatafuta watu wa bondeni, aliowajua kwa sauti kuliko kwa sura, akawaomba kila mmoja: bomba likikohoa tu, nitumie neno moja.

Tovuti ya kuwapasha habari watu wa mlimani alijengewa na mkwe wake, mume wa binti yake, fundi wa kompyuta mwenye adabu nyingi, ambaye hajawahi kumpinga mama mkwe ila kwa kuitazama sakafu.

"Mama, samahani," aliiambia sakafu. "Tovuti haiishi kwa upepo. Tuweke matangazo. Wenye magari ya kuuza maji wako tayari kulipa hata leo."

"Wanataka nini?"

"Kutangaza tu. Na... ujumbe wa mlimani uchelewe kidogo. Nusu saa hivi."

"Mkwe wangu, anilipaye ndiye nitakayemsikiliza. Akinilipa mwenye gari, kesho nitaanza kuombea ukame. Atalipa msomaji."

"Wasomaji hawalipi, mama. Wamezoea vya bure."

"Miaka kumi na tisa nimewasikia wakilia bure. Kulipa wataona ni nafuu."

Basi ikawa hivi. Kumbukumbu za kila mtaa, lini maji yalitoka na lini yaliahidiwa yasitoke, zilisomwa bure na kila mtu. Watu wa bondeni, wenye kuleta habari, hawakulipa kitu. Wa mlimani walilipa kwa mwezi bei ya ndoo mbili za maji ya gari, na bomba la bondeni lilipokohoa tu, simu zao zililia. Mama Halo hakuuza maji, wala hakuuza siri. Aliuza dakika arobaini: za kuaga kazini, kuosha mapipa na kumwahi jirani mwenye mpira mrefu. Wa kwanza kulipa walikuwa kumi na wanne, wanane wakiwa ndugu zake. Mwezi wa sita walifika mia nne na ndugu wakaacha kulipa, dalili ya wazi kwamba biashara imesimama kwa miguu yake.

Hapo ndipo tangazo lilipobandikwa. Na kwa kuwa tangazo peke yake halikumpunguzia hata msomaji mmoja, Bwana Mchakato akaongeza agizo la ndani: koki zifunguliwe ovyo, bila saa wala siku maalumu, ili wazushi waumbuke. Mfungua koki alimpigia Mama Halo siku hiyohiyo kumpa pole.

Mkwe alikuja mbio, hata akasahau kutazama sakafu. "Mama, tumekwisha! Wakiona tumekosea mara mbili watatukimbia wote."

"Bomba limeacha kukohoa?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kaa unywe chai."

Waliokuwa wakibahatisha kwa ratiba ya Mamlaka sasa hawakuwa na cha kubahatisha. Kilichobaki mji mzima ni kikohozi, na kikohozi alikuwa nacho mmoja. Katika wiki tatu, mia nne wakawa elfu moja mia tisa na kumi na mmoja.

Jumatano asubuhi simu ya jikoni ililia.

"Halo, dada. Nakaa nyumba ya mwisho huku mlimani, ile ya geti la buluu. Nataka kujiunga."

Mama Halo alivuta kiti. Sauti ile aliwahi kuiunganisha na ofisi ya Mkurugenzi mara tatu kwa siku, miaka saba mfululizo. Bwana Mchakato alijenga juu kabisa kwa ajili ya mandhari.

"Bibie," alisema taratibu, "si huko kwenu ndiko ruhusa ya maji inakotolewa?"

"Mungu wangu. Mama Halo?"

"Mwenyewe. Leo si mashine."

"Nisitiri, dada yangu. Leo siku ya tisa; tukija kushtuka, majirani wameshayavuta yote. Gari la ofisi lililokuwa likituletea maji liko kwenye... linatengenezwa. Mzee ameoga kwa chupa tatu za maji ya dukani."

"Za baridi?"

"Usinicheke."

"Sicheki. Mwambie apige ofisini. Ni bure."

"Alipiga," mke wa Mkurugenzi alisema kwa unyonge. "Ukapokea wewe. Ukamwambia asubiri."

Mama Halo aliliacha neno hilo liingie polepole, kama mtu anayeloweka miguu. Angeweza kukata simu. Lakini kumnyima mtu ni kisasi cha siku moja, na chupa za dukani haziishi.

"Karibu, bibie. Mlango wa msomaji haufungwi. Ila alipe yeye. Kwa simu yake, kwa jina lake, mwaka mzima. Fedha ya mke sipokei."

"Hatakubali. Unamjua."

"Basi aendelee kusubiri. Ana sauti nzuri ya kumliwaza."

Katika siku nne zilizofuata bomba la bondeni lilikohoa mara mbili. Mara zote mbili simu za mlimani zililia, isipokuwa ya nyumba ya mwisho. Majirani wa geti la buluu walijaza mapipa huku wakiimba. Mara zote mbili Mama Halo alikaa chini ya saa yake ya shukrani akaihesabu dakika kwa dakika, hadi arobaini. Kwa mara ya kwanza aliona kuwa ni saa nzuri.

Tangazo bado liko getini, mhuri wake umepauka kwa jua. Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, muda wa kazi, msomaji wa elfu moja mia tisa na kumi na mbili alilipia miezi kumi na miwili, kwa jina lilelile lililo chini ya tangazo.