Mkono wa Mama Viatu

Kwenye kilima cha skii cha jiji humwita Mama Viatu, kwa sababu ndiye anayekodisha viatu vya kutelezea kwenye theluji. Hakuna mtoto anayeinama mbele yake. Yeye ndiye hupiga magoti, akabana vifungo, akagonga kisigino kwa ngumi na kuuliza kwa Kiswahili, "Vidole vinapumua?" Mzungu mdogo, Mkongomani mdogo, wote hukubali kwa kichwa, maana sauti ile haibishiwi. Yeye mwenyewe hajateleza hata siku moja, labda kwenye ngazi za kanisa.

Kazi yake hufa theluji ikiyeyuka. Kwa hiyo jiji lilipoitisha mkutano wa kupanua kilima, kazi ziwepo mwaka mzima, alikwenda na kitenge cha Jumapili. Shida ni kwamba upanuzi ungemeza mteremko wa bure, ambako watoto wa mtaa wa Mount Dennis huteleza juu ya masinia ya plastiki. Alipopewa maikrofoni alisahau yuko wapi. "Bwana asifiwe," akasema, na viti vya nyuma vikaitika, "Amina." Wanaounga mkono walipoambiwa wanyooshe mikono, akanyoosha. Wanaopinga, akanyoosha tena.

"Mama, chagua upande mmoja," mwenyekiti akamwomba.

Akawatazama watoto waliokuwa wakigombania biskuti mlangoni. Mkono ukabaki juu, kwa wanaopinga.

Goretti, jirani yake aliyemsihi wiki nzima apinge, akamnong'oneza, "Sasa theluji ikiisha utakula wapi, dada?"

"Kwako. Na usisahau pilipili."