Mihuri Miwili

Chama chetu kilikuwa na watu kumi na tisa na mhuri mmoja. Tulikutana kila Jumamosi saa nane mchana, mtaa wa Point, kwenye ukumbi wa kanisa la Wakongo ulioko juu ya duka la matairi. Mimi Mwislamu wa Tanga nilikaa chini ya picha ya Yesu mwaka mzima na wala haikunisumbua, kwa sababu Durban nzima ilikuwa ni mle ndani tu ambamo nikisema mtoto wangu ana selimundu, hakuna aliyeniuliza ni kitu gani.

Wakongo wanauita SS. Wenyeji wa hapa hawana sana ugonjwa huu; umekuja na sisi, ndani ya damu zetu, pamoja na mabegi. Basi mtoto akifika hospitali analia mifupa, wanamkagua: hana jeraha, hajavunjika, homa si kubwa. Halafu anaomba dawa kali ya maumivu, tena anaitaja jina na kiasi, maana ameijua tangu mdogo. Wanaona huyu anatafuta ulevi. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili mlinzi wa mlangoni alipomuuliza anavuta nini. Nilimtukana yule mlinzi kwa Kiswahili, matusi ya kwetu yale yenye ukoo mzima ndani yake, na bahati yake hakuelewa hata moja.

Ndiyo maana tulitaka sheria. Kulikuwa na mswada wa magonjwa adimu mbele ya kamati ya bunge la jimbo, na tulitaka viingizwe vipengele viwili: watoto wachanga wapimwe, na mgonjwa wa selimundu akifika dharura apewe dawa ya maumivu ndani ya saa moja bila mabishano. Lakini sheria haina haraka, na maumivu hayaisubiri, kwa hiyo tulijitafutia njia ya kati. Daktari bingwa wa damu aliyekuwa akiwatibu watoto wetu alikubali kumwandikia kila mgonjwa wa chama barua: huyu ni wangu, mpeni dawa hii, kiasi hiki, msimcheleweshe. Ilichapwa kwenye karatasi ya chama, saini yake chini, na mhuri wetu pembeni.

Mhuri ulikuwa wazo la rais wa chama. Daktari alisema saini inatosha. Rais akamtazama kwa huruma kabisa.

"Docteur, karatasi haina cachet, ile ni karatasi ya kufungia mukate."

Daktari alicheka, na kumbe rais alikuwa amewasoma makarani vizuri kuliko yeye. Pale dharura hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma barua. Walitazama ule mhuri wa zambarau wenye tone la damu katikati, wakaita nesi. Binti yangu aliitumia barua hiyo mara tatu, na mara zote tatu alichomwa sindano hata sijapata pa kukaa. Siwezi kumweleza mtu ambaye hajaona mwanawe akijikunja kwa maumivu ile barua ilikuwa kitu gani kwetu.

Rais huyu alikuwa fundi wa simu. Alizika watoto wawili Kongo na alibakiwa na mmoja, kijana wa miaka ishirini asiye na karatasi za ukaazi. Mhuri aliubeba mfukoni mwa koti, ndani ya leso, hata siku za joto la Januari ambapo mtu mwenye akili zake havai koti. Ukihitaji barua yako igongwe unamfuata dukani kwake. Anaupulizia pumzi mara mbili, anagonga, kisha anaitazama ile alama kama mtu aliyepata mjukuu. Katibu alikuwa mama mmoja aliyefanya unesi Lubumbashi miaka ishirini, na hapa alisuka nywele kwa sababu cheti chake hakikukubaliwa. Mimi nilikuwa katibu msaidizi. Nilichaguliwa kwa ajili ya Kiingereza changu, maana nimefanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini miaka minane, nikiandika barua kwa watu ambao kontena zao zimekwama. Najua kumpiga mtu kwa barua bila kuinua mkono, na nilikuwa najisifia.

Ugomvi uliletwa na habari njema. Kamati iliandika kwamba inakuja Durban kusikiliza wananchi, na chama chetu kimepewa msemaji mmoja, dakika kumi. Rais akasema msemaji ni yeye, na kwamba tutaongeza kipengele cha tatu: mgonjwa asiulizwe karatasi za ukaazi.

Katibu akasimama. "Papa, ukianza mambo ya document, bale batu banafunga masikio. Tuombe dawa kwanza."

"Dawa ya nani? Ya wenye kuwa na document?"

"Ya watoto."

"Na wa kwangu si mutoto?"

Wote wawili walikuwa na haki. Leo naona hivyo. Siku ile niliona mwanamume king'ang'anizi anayetaka kupigwa picha na waheshimiwa, nikanyoosha mkono upande wa katibu.

Baada ya wiki mbili watu walikuwa hawasalimiani. Waliokuwa wakikaa mstari mmoja sasa waligawana ukumbi, wengine upande wa madirisha, wengine upande wa jukwaa, na katikati viti vitupu. Katibu aliandika maombi yetu kwa kamati, akaenda dukani kuomba yagongwe mhuri. Rais akakataa. Akasema président ni moja, cachet ni moja, na vyote viko kwake. Yule mama hakubishana naye. Alikwenda kwa mchonga funguo na mihuri mjini, akarudi na mhuri mpya, mkubwa zaidi, wenye matone mawili. Tulishangilia! Watu wazima, wazazi wa wagonjwa, tunapokezana kipande cha mpira na kukigonga kwenye viganja vyetu tuone unavyotoka.

Rais alipopata habari alisema huo ni mhuri wa bandia na sisi ni wahalifu. Kila upande ukapeleka maombi yake kwa kamati. Halafu katibu akaja kwangu, nikiwa nakunja nguo.

"Mama, andika. Weye uko na Kingereza ya nguvu."

Nikaandika. Barua iende kwa kamati, nakala kwa daktari. Niliandika kwamba mhuri wa tone moja uko mikononi mwa mtu asiye na mamlaka, na kwamba karatasi yoyote yenye mhuri huo ichukuliwe kuwa haikutoka kwenye chama chetu mpaka ithibitishwe. Nakumbuka nilivyofurahia hayo maneno ya mwisho. Niliyasoma kwa sauti, katibu akapiga makofi, nikatia saini na jina langu kamili chini yake.

Katika yote niliyoyawaza jioni ile, sikuwaza barua iliyokuwa kwenye begi la shule la mwanangu. Nayo ilikuwa na tone moja. Kwangu mimi mhuri ule ulikuwa ni yule mzee, koti lake na leso yake. Nilitaka aumbuke yeye. Katibu alisema wiki ijayo tutampelekea daktari barua mpya azisaini, tuzigonge mhuri mpya, yaishe. Kumbe rais naye alikuwa ameandika ya kwake, kwamba wenye matone mawili ni matapeli. Daktari akapata barua zote mbili siku moja. Alichofanya ndicho ambacho mtu yeyote mwenye leseni ya kulinda angefanya: alikataa kusaini kitu chochote chetu, akazipeleka zote dharura na maagizo kwamba barua za chama zisipokelewe mpaka sisi wenyewe tuelewane. Sisi hakutuambia. Au labda alimwambia rais akidhani anamwambia katibu. Kwa hali tuliyokuwa nayo hata hilo linawezekana.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba. Jana yake binti yangu alinyeshewa akisubiri taxi, na baridi ndiyo huamsha maumivu ya ugonjwa huu. Saa tatu asubuhi shule ikanipigia, shule yenyewe iko mtaa wa Glenwood, hapo hapo mjini, na kabla ya saa nne tulikuwa hospitali. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa akitembea kwa kuniegemea, lakini alikuwa akitembea.

Karani wa dirishani alikuwa anatujua. "Sawubona, mama," akanisalimia, akaichukua barua, akautazama mhuri. Kisha akatazama kioo chake, upande wa ndani, palipobandikwa karatasi mbili.

"Eish, mama. Hizi wamesema tusipokee."

Nilitazama alipokuwa anatazama. Ile ya kulia niliitambua kabla ya kusoma neno, kwa jinsi nilivyopanga aya zangu. Ya kushoto ilikuwa ya rais. Zilikuwa zimetazama nje, kwenye foleni, kila mtu azione.

Nilisema kuna makosa. Nilisema daktari apigiwe simu. Akapigiwa, na alikuwa kliniki ya mji mwingine, simu haikupokelewa. Karani akasema kwa upole kabisa nifungue faili kama watu wengine, nisubiri. Nikamkalisha mwanangu kwenye benchi la kwanza pembeni ya dirisha kwa sababu pale kulikuwa na ukuta wa kuegemea, nami nikawa napanda na kushuka ule ukumbi, namshika huyu nesi, namshika yule.

Tulikaa saa nne nzima. Alikuwa anauma mkono wa sweta ili asipige kelele. Na katika saa hizo zote nilijua ninachopaswa kufanya. Ningerudi pale dirishani niseme: hii saini ni yangu, kitambulisho changu hiki hapa, nilitia chumvi, ile barua ya mtoto ni halali, chana hii. Pengine wangekataa vilevile. Lakini sikusema. Niliwaonea aibu watu wa foleni, na lililo baya zaidi, nilifikiri rais akisikia kwamba nimekana barua yangu mwenyewe atacheka. Mwanangu anauma sweta na mimi nawaza nani atanicheka. Nimejaribu kujitafutia tafsiri nyingine ya jambo hili na sijaipata.

Ilipokaribia saa nane chupa ya maji ilimponyoka mkono wa kulia. Nilipoinama kuiokota nikaona mdomo wake umekwenda upande. Hapo ndipo wakakimbia, wote, na karani pia.

Daktari wa damu aliniambia baadaye kwamba kiharusi kinaweza kumpata mgonjwa wa selimundu wakati wowote, hata akiwa amelala kwake, na kwamba hakuna anayeweza kusema kile kilitokana na kuchelewa. Aliisema sentensi hiyo mara mbili. Naishika kila siku na kila siku inaniteleza. Mtoto hakufa. Mkono wa kulia umebaki umepooza, mguu anauburuta, na maneno yalimrudia polepole, moja moja.

Pande zote mbili zilikuja wodini saa moja ileile ya kutazama wagonjwa. Nilidhani watapigana. Rais alipoona ule mkono juu ya shuka alianza kulia kwa sauti, katibu akamshika, wakakumbatiana pale mbele ya kitanda, watu ambao mwezi mzima walikuwa wakiitana matapeli. Kabla kengele haijalia walikuwa wamekubaliana: kipengele cha tatu kitaingia, mihuri yote miwili itachomwa, na mbele ya kamati hatasema rais wala katibu. Nitasema mimi. Nikakubali.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Binti yangu alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni alilonunuliwa na chama. Nilieleza yote: simu ya shule, benchi, sweta, chupa ya maji. Nilisema tulikuwa na barua ya daktari na dirishani wakaikataa. Kwa nini waliikataa sikusema. Mheshimiwa mmoja alivua miwani akafuta macho. Rais alisimama kunipigia makofi. Katibu alitazama viatu vyake, na nilipomaliza dakika zangu kumi nilijua kwamba hakuna mtu wa upande wowote atakayesema, kwa sababu kwenye kile kioo hapakuwa na upande uliokosekana. Sasa chama ni kimoja tena na kina nguvu kuliko mwanzo. Kisa changu kimo kwenye vipeperushi, na picha ya binti yangu pia. Mswada bado uko kwa kamati. Wanasema vipengele vyetu vitaingia.

Siku ile ya kamati tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi za ukumbi tukimsubiri rais alete gari lake. Watu walipita wakinishika bega, wakinipongeza. Walipopungua, mwanangu akasema, polepole kama anavyosema siku hizi:

"Mama, hukusema habari ya zile barua."

"Barua zipi?"

"Za kwenye kioo. Nilikaa karibu nazo. Ya kwako nimeisoma mara nyingi, sikuwa na kitu kingine cha kusoma."

Akauweka vizuri mkono wake wa kulia mapajani, kwa kutumia wa kushoto.

"Umeiandika vizuri," akasema.

Hakuwa ananikejeli, namjua akikejeli. Gari la rais lilikuwa linageuza pale kwenye robot, zile taa za barabarani, naye ametoa mkono dirishani anatupungia. Nilitaka kumwomba mwanangu msamaha. Nikamuuliza kama anasikia njaa.