Mizani Mlangoni

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha kompyuta mjini Embu, na kiburi changu kilitosha watu watatu. Kituo cha maziwa cha kwetu Kanja kilipopata mizani mpya yenye waya wa USB, kitu kigeni kabisa wakati huo, nilijitolea kuiunganisha na kompyuta ya karani.

Njia zilikuwa mbili. Ningeweza kuandika skripti fupi, inayofanya kazi juu juu kama programu nyingine yoyote: inasoma mizani, inaonyesha kilo kwenye skrini. Au niandike draiva, inayoingia ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha mashine nzima. Skripti ilikuwa kazi ya siku moja. Nikachagua draiva, iliyonila wiki tano, kwa sababu nilitaka kuitwa mtu aliyeandika draiva. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Karani alikuwa mama wa rika la mama yangu. Nilipomaliza kuiweka aliniuliza swali moja.

"Sasa hii kitu ikikataa, mimi nitafanya aje?"

"Haiwezi kataa, mama."

Alinitazama, akaendelea kupangusa meza. Mizani ya zamani ilipelekwa kituo kingine siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata nilifika na shati la pasi, nikingoja sifa. Foleni ilikuwa ndefu, mama yangu akiwa katikati na mkebe wake. Shosho aliyekuwa wa kwanza, bibi kizee, akakataa kuingia ndani. Kwetu maziwa hupimiwa nje, mwenyewe akiona, si yapelekwe nyuma ya ukuta kisha uletewe namba. Basi karani akachomoa waya, akabeba mizani hadi mlangoni, akageuza skrini itazame nje, akachomeka tena. Kompyuta ikaganda.

Wiki tano mezani kwangu, sikuwahi kuchomoa ule waya hata mara moja! Nimezaliwa Kanja, nimepeleka maziwa pale tangu utotoni, na halikunijia kwamba mizani itatolewa nje. Hasira ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Tuliizima, tukaiwasha. Ikaanza kukagua diski yake polepole, na kabla haijamaliza lori la kiwanda lililokuja kuchukua maziwa likaondoka. Watu walirudi nyumbani na mikebe iliyojaa. Mama yangu alikuwa amekama alfajiri kwa vidole vilivyokwisha kuanza kumuuma. Alinimiminia kikombe kikubwa.

"Kunywa. Hii ni ya kompyuta yako."

Nilikunywa kwa aibu. Kisha nikarudi kituoni, nikaiondoa draiva, nikaandika skripti. Ukichomoa waya, skripti inakufa peke yake na kompyuta inabaki nzima. Unabonyeza kitufe kimoja inaanza upya. Karani alinifanya nimwonyeshe mara sita. Mara ya saba alichomoa mwenyewe.

Kesho yake alitoa mizani nje, akachomeka, akabonyeza. Foleni ikasonga. Zamu ya mama yangu ilipofika, aliweka mkebe lakini hakuachilia kishikio. Namba zikawa zinarukaruka.

"Achilia, itulie," karani akamwambia.

Mama alinitazama mimi, kisha akamgeukia karani.

"Na ikikataa?"

"Ikikataa nitaiwasha mimi mwenyewe."

Hapo ndipo akaachilia.