Fundi wangu alichelewa bila kujitetea, nikamfungia geti

Mfanyakazi anachelewa, hadanganyi, hajitetei, na baada ya siku chache anachelewa tena. Huyu unamweka kundi gani?

Swali hilo lilinijia nikiwa nimesimama ndani ya geti langu mwenyewe.

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo naweka la kwangu. Ni refu kidogo. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mie ni binti wa Kimara, wazazi walihamia Dar kutoka mkoani, nyumbani ni watu wa kanisa na ajira za ofisini. Nilisoma biashara chuo kikuu, ajira ikanipita mbali, nikaamua kufungua karakana ya fanicha Keko. Pale karakana inaitwa ofisi, na mie nitaiita hivyo hivyo. Eneo nilipangishwa na Mzee Nassoro, mfanyabiashara wa siku nyingi mwenye asili ya Kiarabu, makazi yake Mbagala.

Kila aliyewahi kutengenezesha kabati anaijua kesho ya fundi. Unaambiwa njoo kesho. Ukija, vanishi haijakauka. Ukirudi tena, kabati lako ameshauziwa mtu mwingine aliyekuja na haraka kuliko wewe.

Niliingia Keko na wazo moja: ofisi yangu, kesho iwe kesho kweli.

Nikaajiri mafundi wanne kwa mshahara wa mwezi, siyo kwa kipande kama ilivyozoeleka pale. Kazi inaanza saa mbili asubuhi. Nilidhani mtu mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi atawahi.

Wapi.

Kila asubuhi ilikuwa na hadithi yake. Mtoto, mama mkwe, bomba limepasuka, mwenye nyumba kafunga mlango na funguo kaondoka nazo. Sasa mie ni mtu wa kuhoji. Nyumbani wamenizoea, hata mchungaji ameshanizoea. Siamini kitu kwa sababu tu kimesemwa kwa sauti ya huzuni.

Nikaweka sheria kwenye group letu la WhatsApp: ukichelewa, tuma picha ya kilichokuchelewesha.

Hapo ndipo nilipocheka na kulia kwa wakati mmoja. Baraka, fundi wangu wa vanishi, alituma picha ya mtoto wake kafungwa bandeji mkono wa kushoto. Wiki iliyofuata bandeji ikahamia mkono wa kulia. Nikamuuliza mtoto ana mikono mingapi, akajibu, "Dada, anaanguka sana yule."

Kuna picha ya foleni ya zahanati niliipokea kutoka kwa watu wawili tofauti, na mama mmoja mwenye kitenge cha njano yuko palepale kwenye benchi. Walikuwa wanaazimana picha.

Nikaongeza sheria ya pili. Nusu saa baada ya muda wa kuanza, geti linafungwa. Ukilikuta limefungwa, geuza, tuonane kesho.

Niseme kitu hapa kabla hamjanirukia. Wengi humu mnaandika kuhusu mabosi wakatili, na wapo. Ila hakuna anayeandika kuhusu mteja aliyepanga maisha yake akiamini siku uliyomtajia. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele ya mteja huyo. Fundi alikuwa anazima simu tu.

Sasa fundi mkuu. Tumwite Salumu.

Mtu wa makamo, mkazi wa Mbagala, mpole, mikono yake ikigusa mbao unaona mbao imetulia. Siku nyingi alikuwa wa kwanza kufika. Lakini kuna asubuhi, kabla ya sheria ya geti, alikuwa haonekani kabisa mpaka jua limekolea. Nikimwandikia "tuma picha", ujumbe unasomwa, kimya. Akifika anasema, "Nimechelewa, bosi. Nikate mshahara." Anachukua randa, anaanza kazi.

Hakuwahi kutuma picha hata moja.

Niliwaza kila kitu. Pombe haikuwa, mtu wa swala tano. Mke mdogo? Labda. Lakini lililokaa kichwani kwangu ni kazi ya pembeni, maana Keko ugonjwa mkubwa ndio huo: fundi analala na oda yako, anaamka na ya mwingine. Nilimdokezea Baraka. Akacheka, akasema, "Dada, huyo ana ofisi kubwa kuliko yako." Nikaona basi, nimethibitisha.

Ikaja oda iliyokuwa inanitoa kimaisha. Chekechea mpya, kule kwetu Kimara. Meza ndogo na viti vidogo, viwe darasani Jumatatu ya kufungua shule. Mwenye shule, Mwalimu Agnes, alikuwa amestaafu, kiinua mgongo chake chote kimo kwenye yale madarasa mawili. Aliniambia wazazi watakuja siku hiyo kutazama, na mzazi akitazama mara moja ndiyo ametazama.

Jumamosi tuliacha vipande vyote vimekatwa na kupakwa rangi, bado kuunganisha tu rangi ikishakauka. Salumu ndiye aliyekuwa amelinganisha kila meza na miguu yake.

Jumatatu asubuhi Canter ya kupakia imeshafika. Baraka akachelewa, nikamrudisha kwao bila kusikiliza. Salumu hayupo. Napiga simu, inaita tu. Wawili waliobaki wakajaribu kuunganisha wenyewe, meza zikawa zinacheza. Dereva wa Canter anatazama saa, mie natazama barabara.

Alifika jua likiwa juu. Akagonga geti, taratibu, kama mgeni.

"Dada, fungua tumalize kazi ya mwalimu."

Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nimechelewa."

"Hilo naliona, fundi. Nimeuliza ulikuwa wapi."

Nyundo nyuma yangu zilikuwa zimesimama, wale wawili wanasikiliza. Jirani anayeuza magodoro naye kapunguza redio.

Nikamwambia, "Asubuhi hii nimemrudisha Baraka. Nikikufungulia wewe, kesho nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli mimi sinao. Unao wewe."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona ni ya mtu asiyelala, na nikajiambia asiyelala kwa sababu ya kazi za watu.

Nikasogea karibu na geti, nikashusha sauti. Nilichosema sijawahi kumwambia mfanyakazi mwingine yeyote: "Fundi, nipe sababu moja. Hata ya uongo. Nitafungua."



"Siku nyingine ningekudanganya, bosi. Kwa leo hapana."

Sikufungua.

Hakugombana. Alisimama pale nje akawaelekeza wenzake kwa sauti, waanze na ile ya kona, wasikaze skrubu kabla ya kuigeuza. Alipoona wameelewa, akaaga, akaondoka.

Tulifika shule wazazi wameshajaa, na nusu ya meza zilibaki Keko. Watoto walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka na sare zao mpya, wengine wanalia. Mwalimu Agnes hakupaza sauti. Aliniambia tu, "Binti, nilitoka kuwaambia wazazi hawa kwamba hapa kila kitu kitafanyika kwa wakati wake." Niliona mama mmoja anamwinua mwanawe kwenye mkeka, anampangusa sketi, anatoka naye. Akafuata mwingine.

Meza zilizobaki hakuzichukua. Na sina cha kumlaumu.

Kesho yake Salumu alikuja kwa wakati, akafungasha vifaa vyake kwenye mfuko wa salfeti, akampa kila mtu mkono, mimi pia. Sikumzuia, naye hakuomba.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma kama mtu wa biashara. Watu walianza kuwahi. Saa mbili kamili wote wako ndani, wamekaa kwenye mbao, wananitazama. Lakini wateja walikuwa wanakuja kumuulizia Salumu, wakisikia hayupo wanasema watapita baadaye. Leo nina mafundi wawili, na kuna siku geti linafunguliwa na kufungwa hakijauzwa hata kigoda.

Muda mwingi ukapita. Mzee Nassoro akafariki.

Nilikwenda msibani Mbagala, nimejitanda kanga, nikakaa na kina mama kwenye mikeka uani. Upande wa nyuma palikuwa pamezungushiwa mapazia. Mara nikamwona Salumu anatokea huko, mikono ya shati imekunjwa, kashika ndoo. Aliniona. Akainamisha kichwa kunisalimu, akapita.

Nikamuuliza mama niliyekaa naye, Mama Zuhura, kama fundi yule ni ndugu wa marehemu. Akashangaa kwamba namjua fundi lakini mtu mwenyewe simjui.

Salumu ndiye muosha maiti wa wanaume mtaani kwao. Watu wakiamka na msiba, baada ya swala ya alfajiri anagongewa yeye. Na wale ambao wengine wanawaogopa, waliokaa siku nyingi, waliopata ajali, wanaachiwa yeye.

Nikauliza, kwa nini basi hakuwahi kusema? Mfanyakazi akisema ametoka kuosha maiti, bosi gani atamkatalia?

Mama Zuhura akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Muoshaji anaona mengi ya watu na hutakiwa kuyafunika. Akisema asubuhi hii nilikuwa kwa fulani, swali la pili litakuwa fulani alikuwaje. "Halafu ukishaitangaza kazi hii, mwanangu, umeshalipwa na watu. Kwa Mungu unakwenda na nini?" Akaongeza kwamba wapo wasiotaka kitanda kilichotengenezwa na mikono inayoosha maiti. "Wewe ungewaambia wateja wako?"



Nilirudi ofisini nikambana Baraka. Akakiri kuwa walijua, wote. Ofisi kubwa aliyoisema siku ile ndiyo hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyenifumbua macho.

Akasema, "Dada, ungemwambia atume picha."

Wakuu, siandiki ili mnihurumie, na wala sisemi geti lilikuwa dhambi. Mwalimu Agnes alikuwa na haki yake, na watoto wale hawakustahili kukaa chini. Swali langu bado liko palepale: mwajiri ataendeshaje ofisi kwa sababu ambazo haruhusiwi kuzisikia? Imani yangu ni nyingine, mila zile sikukulia. Ningejuaje? Na yeye angeniambiaje? Nimeligeuza hili kila upande, sioni mahali ambapo mmoja wetu angekwepa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mwongo anakuja na ushahidi. Picha zote nilizopokea zilitoka kwa watu waliokuwa wananidanganya. Siku hizi siombi picha. Ninasema, kama una udhuru usioweza kuutaja, niambie usiku wake au alfajiri neno moja tu, "sitawahi", nijipange. Baraka analitumia vibaya, najua. Nimeamua kuliacha.

Kwa Salumu sijaenda. Ningesema nini? Njoo kazini, kazi yenyewe haipo.

Wenye ofisi zenu, mnaoajiri mafundi, wadada wa saluni, madereva, nyie mnafanyaje? Na nyie mnaoajiriwa, mngenishauri nini asubuhi ile? Nikosoeni, nitasoma zote. Matusi pia nitasoma.

Ila moja sikuliweka juu, kwa sababu nililijua mwisho kabisa, kwenye arobaini ya Mzee Nassoro, na Mama Zuhura mwenyewe ndiye aliyenisimulia tukiwa tunachambua mchele.

Alikuwa na kijana wake wa bodaboda. Aligongwa na lori Barabara ya Kilwa Jumapili jioni, akazikwa kesho yake. Siku anaikumbuka kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wanapita nje na sare mpya, shule zimefunguliwa. Waoshaji waliingia watatu. Wawili, watu wazima, walitoka nje na hawakuweza kurudi. Salumu akabaki peke yake nyuma ya pazia mpaka jua limepanda, na watu walipomwambia inatosha, afunike tu wakazike, alikataa, akasema uso bado.

Mama Zuhura alipoitwa ndani kumuaga mwanawe, alimtambua kwa uso.