Ruta Aliyoileta Pazi

Bi Mwanahija amelima mwani miaka kumi na tisa. Mimi nimepanga chumba chake cha uani hapa Kaole tangu Najim wangu hajazaliwa, na nimemwona akirudi kutoka majini magoti yamevimba, anakaa kizingitini kuyakanda kwa mafuta ya nazi hata kanga iliyolowa hajaivua. Zahanati walimwambia akiendelea na maji ya chumvi ipo siku atashindwa kuinuka. Ndiyo sababu aliuza bangili zake za harusi. Alitaka kazi ya nchi kavu.

Kazi yenyewe aliipata kwa kutazama. Mabando yanaisha haraka, na huku kuna wanawake waume zao wako Muscat, kuna wanafunzi, kuna vijana wa mpira. Akasema akiwa na intaneti ya kuuza kwa saa, watu watakuja kukaa barazani kwake.

Mwenye ujuzi alikuwepo. Pazi, fundi wa mitandao pale mjini Bagamoyo, ni mtoto wa mjomba wake. Na mtoto wa mjomba ni mtani: anakutukana, unamtukana, kununa mwiko. Hao wawili wakianza, mimi huacha kufua nikawasikiliza.

Alikuja mwezi wa sita na ruta ya kusambazia intaneti aliyoinunua kwenye hoteli iliyofungwa. Akaisifia kwamba inabeba watu sitini bila kukwama, na kwamba mpya ya aina ile hata yeye hajawahi kuimudu. Akapanda kwenye stuli kuifunga ukutani.

"Bibi mwani," akasema, "intaneti utaiweza kweli, au utaianika juani?"

"Nitakuanika wewe kwanza, ingawa mnunuzi sitampata."

Tukacheka. Pazi naye akacheka, bisibisi mkononi, akaendelea: "Lakini sikia, mke wangu. Kitu hiki bado kina mwenyewe. Kiwandani kimeandikwa jina la hoteli. Leseni ikiisha kinalala, na wenyewe hawaji kukuamshia."

"Kikilala nitakuzika nacho."

Tulicheka mpaka Najim akashtuka akalia. Hakuna aliyeuliza leseni ni kitu gani, wala inaisha lini. Pesa za bangili alipewa Pazi, na karatasi ya mauziano haikuandikwa. Ungemwombaje karatasi mtu aliyetoka kukuita mke wake?

Miezi saba ile Bi Mwanahija alinenepa. Aliifumia ruta kitambaa cheupe, nikamwambia itapata joto, akakikunja akakiweka chini yake. Mabenchi mawili yalijaa kila alasiri. Magoti yalipungua uvimbe. Kamba zake za kufungia mwani alizigawa kwa Saida, jirani yetu, akabakiza fungu moja tu.

Mwezi wa kwanza, Alhamisi asubuhi, taa ya ruta ikageuka rangi ya chungwa. Ilikuwa inawaka kama kawaida, ila intaneti haipiti. Wanafunzi waliokuja kutazama matokeo wakaondoka mmoja mmoja. Pazi alipopigiwa akasema yuko njiani. Siku tatu yuko njiani.

Jumatatu nikapanda mimi kwenye stuli, nikasoma herufi ndogo zilizobandikwa chini ya ruta. Tukampigia wakala wa kiwanda, Dar es Salaam, simu tumeiweka sauti ya juu. Akapokea msichana mwenye adabu, akatoa shikamoo, akaomba namba ya mashine. Akaeleza taratibu. Leseni imeisha wiki iliyopita. Anayeweza kuilipia upya ni yule tu aliyeandikishwa, yaani hoteli, au hoteli iandike kwamba imeiachia. Bila hivyo wao hawawezi kuigusa, hata ikiharibika hawaihudumii. Nasi tunajua mwenye hoteli alishahama nchi.

Kisha akasema, kwa wema tu, "Mama, hata mwezi wa tano kuna kaka alipiga kuhusu namba hii hii. Jina naliona hapa, Pazi. Tulimweleza yote, na tarehe ya kuisha tulimpa."

Bi Mwanahija akamshukuru, akakata simu. Hakunitazama.

Pazi alifika Ijumaa baada ya swala. Akaanzia getini: "Bibi mwani, nasikia mchumba kalala."

Badala ya tusi, aliulizwa kama alijua leseni itaisha mwezi gani.

"Nilikwambia mbele ya watu. Muulize Mama Najim."

Ilikuwa kweli. Nikainamia miguu ya mwanangu.

"Ungeniambia bila kucheka, Pazi."

"Ningekwambia bila kucheka usingenunua."

Lilimtoka hilo, akawa kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

Bi Mwanahija alilipeleka kwa mjomba wake mdogo, Mzee Bwanausi. Mzee akasikitika, akasema maneno ya utani hayashitakiwi, na tena mtu alisema kweli. Aliporudi, Bi Mwanahija alikwenda kwa Saida kumwomba arudishiwe nusu ya kamba zake.

Wiki mbili baadaye Pazi akaja tena, na matusi yake mapya, ya kuchekesha kweli. Bi Mwanahija akajitanda kanga vizuri, akapangusa kiti.

"Karibu, Bwana Pazi. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Akamletea maji, glasi juu ya kisahani. Pazi akarusha tusi la pili. Akajibiwa alhamdulillahi. La tatu, alhamdulillahi. Akanigeukia mimi, nikaona anataka walau mmoja acheke. Sikuweza. Akaweka glasi chini, maji hayajafika nusu.

"Dada, nitukane basi."

"Mgeni hatukanwi," alisema Bi Mwanahija, taratibu kabisa. Akatuomba radhi, maji yamekwishaanza kupwa na zamu yake ya kufunga mwani imefika. Akajitwika kamba, akashuka ngazi kwa kushika ukuta, na kabla hajafika njiani akaniambia nimsindikize Bwana Pazi mpaka barabarani.

Nikamsindikiza.