Zilikokwenda Nguvu za Chalwe

Chalwe wa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, hakuumbwa kukaa. Kabla ya mafua makubwa ya mwaka wa hamsini na saba, ungemkuta asubuhi akitengeneza baiskeli za watu, mchana akivuta nyavu, na jioni akigombana na mtu kwa sababu tu mikono yake haikuwa na kazi. Kazi yake hasa ilikuwa kutumpula: kusimama mtumbwini na kupiga maji kwa mti wenye kichwa kizito, samaki washtuke, wakimbilie wavu. Aliyapiga maji ya Mweru utadhani yamemtukania mama.

Mafua yakaja, yakalaza nyumba nzima nzima, yakaondoka. Chalwe alilala siku tisa, akapata nafuu, akamshukuru Mungu kanisani, akarudi ziwani. Mwili ndio haukurudi. Miezi saba ilipita, na bado akipiga maji mara kumi moyo ulimdunda mpaka masikioni na magoti yakawa uji. Usingizi ulimkimbia; ukimjia, aliamka amechoka kuliko alivyolala. Mchana aliketi juu ya kigogo, akainuka, akaenda mpaka majini, akarudi, akaketi, akainuka tena. Kazi haiwezi, kutulia hawezi. Huo ni ugonjwa gani, usio na kidonda wala homa? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Chalwe aliogopa aibu kuliko kifo. Akamwapisha mkewe, Ennie, asimwambie mtu.

Ennie alinyamaza. Kila jioni alimkanda miguu, na asubuhi alimbebea mti mpaka mtumbwini, akisema mume wake ameusahau.

Mwenye mtumbwi alikuwa Chabu, mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, na ndani ya mtumbwi wake watu walisema Kiswahili cha Kongo. Siku moja kichwa cha Chalwe kilijaa ukungu, akasahau wavu umetegwa upande gani. Akapiga maji kutokea upande wa wavu wenyewe, samaki wote wakakimbilia ziwa pana. Wiki iliyofuata akarudia kosa lile lile. Wavu ukatoka na magugu.

Chabu alikuwa na jibu tayari, jibu la wavuvi wengi wa ufukwe ule: mvuvi akiishiwa nguvu na wavu ukitoka mtupu, basi mkewe ana mwanaume mwingine. Jumatatu asubuhi akamwita Ennie ufukweni, mbele ya watu, mbele ya Jairos, kaka yake Ennie, aliyekuwa mpiga kasia.

"Bana Febby," Chabu alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake, "sema jina ya ule mwanaume. Ukisema, tunasafisha mutumbwi, bwana yako anapata ngufu tena. Hakuna mutu atakupiga."

"Hakuna mwanaume."

"Basi ngufu yake ilienda wapi?"

Ennie alimtazama Chalwe. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema; kiapo ni kiapo. Wanawake waliokuwa wakianika samaki waliacha kazi. Chalwe alihamia mguu huu, akahamia mguu ule. Na hapa nitamsema bila kumwonea: alisubiri. Mwanaume mzima alisubiri, huenda jambo likapita lenyewe.

Ndipo Jairos, bila kuinua macho, akasema, "Dada, sema tu. Twende ku kazi."

Maneno hayo yalimchoma Chalwe. Hata ndugu wa tumbo moja ameamini!

Akanyakua mti, akaingia majini mpaka magotini. "Muangalie!" Akapiga. Mapigo matatu ya kwanza yalimlowesha Chabu mwenyewe. La sita lilishuka kivivu. La tisa mti ukamponyoka, naye akaanguka juu ya mikono yake, akihema kama samaki kikapuni.

"Njo hivi niko," alisema alipopata pumzi. "Tangu ile mafua, kila siku njo hivi. Kichwa nayo inapotea, nilisahau wavu iko wapi. Bibi yangu hana kosa. Ni miye nilimukataza kusema."

Chabu aliuokota mti uliokuwa ukielea.

"Bashi Febby," alimwambia Chalwe, "ulituacha tunatukana mutu bure." Akampa Jairos mti. Jairos akapanda mtumbwini. Mtumbwi ukaondoka.

Ennie akaingia majini. Chalwe alidhani atampa pole.

"Ulingoja nini?" aliuliza kwa Kibemba, lugha ya nyumbani. "Wanitafutie mwanaume kwanza?"

Chalwe aliona haya kuliko alivyowahi kuona. Mbali ziwani mti ulianza kupiga maji, vibaya, mkono wa Jairos. Chini ya maji miguu ya Chalwe ilichezacheza, ikitaka kwenda. Akajaribu kuinuka.

"Kaa," Ennie alisema. Mkono wake ulimkandamiza begani, si kwa upole, wala hakuuondoa.